Maziwa ya mimea kwenye kahawa: migahawa ya Dodoma inaiga pakiti na kuacha hesabu

Tarehe 7 Novemba 2024 Starbucks, kampuni ya Marekani ya maduka ya kahawa, iliacha kuwatoza wateja wake wa Marekani na Kanada fedha ya ziada pale wanapotaka kahawa yao itiwe maziwa ya soya, lozi, nazi au oti, ile nafaka ya uji wa pakiti, badala ya maziwa ya ng'ombe. Kwenye maduka yao ya Uingereza walikuwa wamefanya hivyo tangu Januari 2022. Dunkin', ambao jina lao limejengwa juu ya donati na kahawa, wakafuata kwa maduka yao ya Marekani tarehe 5 Machi 2025. Kampuni hizo mbili hazina duka Dodoma, lakini habari yao imefika na imeeleweka kombo. Wapo walioisoma kama ushindi wa watu wasiokula nyama, jambo la Wazungu lisilotuhusu. Wengine, hasa wanaofungua migahawa ya kahawa kuanzia katikati ya jiji hadi njia ya Mtumba, uliko Mji wa Serikali, wameisoma kama ishara ya soko: wanaagiza pakiti za oti na lozi kutoka nje, wanaziandika kwenye menyu, kisha pembeni wanaweka ile ile nyongeza ya bei ambayo Wamarekani wameifuta. Makundi yote mawili yameshika upande usio wake. Cha kujifunza kwenye uamuzi ule ni namna ya kupiga hesabu ya kikombe. Tukiipiga hesabu hiyo kwa mazingira ya Dodoma, pakiti ya kutoka ng'ambo inakuwa ya mwisho kwenye orodha, na soya na karanga zinapanda juu, kwa masharti ambayo wengi wanayaruka.

Tuanze na kilichotokea huko kwenyewe. Maziwa ya mimea yaliingia kwenye maduka hayo polepole. Starbucks walianza na soya, wakaongeza nazi mwaka 2015, lozi 2016, na oti katika maduka yao yote ya Marekani mwaka 2021. Dunkin' walianza na lozi mwaka 2014 na oti mwaka 2020. Kwa muda mrefu mteja wa Starbucks alilipa kama senti 70 au 80 za dola juu ya bei ya kikombe. Malalamiko yalikuwa mengi, mengine ya vituko: Mei 2022 mwigizaji James Cromwell alijigundisha kiganja kwa gundi kwenye kaunta ya Starbucks mjini New York. Kisha zikaja kesi. Desemba 2023 wateja kadhaa waliishtaki Dunkin', na Machi 2024 wengine wakaishtaki Starbucks, wakidai kuwa mtu ambaye tumbo lake halimudu sukari ya maziwa analindwa na sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, hivyo kumtoza zaidi ni ubaguzi. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotea. Hakuna hukumu iliyozilazimisha kampuni hizo kufuta nyongeza. Starbucks walitangaza uamuzi wao mwishoni mwa Oktoba 2024, wakati mauzo ya maduka yao ya Marekani yaliyokuwa wazi zaidi ya mwaka yalikuwa yameshuka kwa asilimia 6 katika robo mwaka iliyotangulia, na mkurugenzi mpya, Brian Niccol, alikuwa na wiki chache tu ofisini. Walisema wenyewe kwamba kubadilisha maziwa ni ombi la pili kwa wingi kutoka kwa wateja wanaotaka kinywaji kirekebishwe, nyuma ya kuongeza espreso, ile kahawa nzito ya mashine. Ombi likishafika nafasi ya pili, limekuwa sehemu ya kawaida ya biashara, na kulitoza faini ni kumfukuza mteja ambaye tayari ameshafungua mlango.

Lakini kwa nini ombi hilo likawa kubwa kiasi hicho? Jibu linaanza kwenye ukubwa wa kikombe. Maziwa ya ng'ombe yana sukari iitwayo laktosi, takribani gramu 4.7 katika kila mililita 100. Mtu mzima ambaye utumbo wake umepunguza kutengeneza laktesi, kimeng'enya kinachoivunja sukari hiyo, haimeng'enyi vizuri. Inafika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaichachua, na tumbo linajaa gesi, linakoroma, wakati mwingine linaharisha. Takribani theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo kwa viwango tofauti. Hata hivyo wengi wao humudu hadi gramu 12 kwa mkupuo mmoja bila shida kubwa. Sasa chukua kikombe cha chai ya maziwa cha mililita 200, nusu maji nusu maziwa: laktosi ni kama gramu 5. Chukua late, yaani espreso iliyojazwa maziwa ya moto, ya ukubwa wa kati wa Starbucks, mililita 473: ukitoa espreso na povu, maziwa ni kama mililita 350, na laktosi inapita gramu 16. Mtu yule yule anayekunywa chai asubuhi akaenda kazini salama atashikwa na tumbo kwa late. Hajabadilika yeye, dozi ndiyo imebadilika. Kahawa ya kisasa ya maduka hayo ni kinywaji cha maziwa chenye kahawa ndani yake, na kadiri vikombe vilivyokua ndivyo watu waliokuwa wakijimudu kwenye dozi ndogo walivyosukumwa ng'ambo ya mstari.

Hapa kwetu kahawa ya kijiweni haikuwahi kuwa na tatizo hilo. Inamiminwa kutoka kwenye buli, nyeusi, pengine na tangawizi, na kashata ya karanga pembeni. Maziwa yalikaa kwenye chai na kwenye mgando. Na mgando una kazi yake: bakteria wanaougandisha hula sehemu ya laktosi kabla haijafika tumboni, ndiyo maana watu wengi wanaolalamikia maziwa mabichi au ya kuchemsha hawalalamikii mtindi. Bahati mbaya mgando haufai kwenye mashine ya kahawa. Umeshaganda tayari, ukiupasha mvuke unapata maji na mabonge.

Kwa hiyo hoja ya kwamba maziwa ya mimea ni fasheni ya kigeni ndiyo dhaifu kuliko zote. Inachanganya sababu za watu wachache wanaoacha vyakula vya mifugo kwa imani na sababu za wengi ambao tumbo lao limekataa tu. Lakini tusikimbilie upande wa pili na kudai, kama wanavyodai baadhi ya wauzaji, kuwa Mwafrika hakuumbiwa maziwa. Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya vipimo vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakiwemo Wasandawe wa hapa kati. Waligundua kwamba uwezo wa kumeng'enya laktosi ukubwani ulizuka Afrika Mashariki kivyake, kwa badiliko la vinasaba tofauti na lile la Ulaya, na ukaenea pamoja na ufugaji katika miaka elfu chache iliyopita. Maana yake katika jiji kama Dodoma, lenye Wagogo na Warangi wenyeji, watumishi waliohamia tangu serikali ilipoamua mwaka 2016 kuja kweli kweli, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma kutoka kila mkoa na wabunge wanaojaa wakati wa bajeti, huwezi kukisia tumbo la mteja kwa kumtazama. Meza moja itakuwa na anayemaliza nusu lita ya maziwa akiomba nyingine na anayeumwa na glasi moja. Mgahawa unatakiwa uwe na jibu kwa wote wawili, na jibu la kwanza ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: weka kikombe kidogo. Kapuchino ya mililita 160 yenye mililita 120 za maziwa ina laktosi isiyofika gramu 6. Migahawa mingi mipya imeondoa kikombe hicho kwenye menyu kwa sababu kikubwa kinaonekana cha thamani zaidi, kisha inanunua pakiti ya oti kumtibu mteja iliyemzidishia dozi yenyewe.

Hoja yenye nguvu ya wanaotoza nyongeza ni gharama, na haifai kupuuzwa. Tupige hesabu kwa bei za kudhania. Kila mwenye mgahawa aweke zake. Chukulia pakiti ya lita moja ya oti imekufikia kwa shilingi 12,000, na maziwa ya ng'ombe unapata kwa shilingi 2,000 lita. Kikombe kinachotumia mililita 200 kinagharimu 2,400 kwa oti na 400 kwa ng'ombe. Tofauti ni 2,000, na hapo ndipo nyongeza ya 2,000 inapoandikwa. Hesabu hii ina tundu. Pakiti ikishafunguliwa inaishi friji kwa kama wiki moja, na Dodoma umeme ukikatika mchana wa Oktoba, muda huo unafupika. Mgahawa unaouza vikombe viwili vya oti kwa wiki humwaga mililita 600 za kila pakiti. Gharama halisi ya kila kikombe kilichouzwa inakuwa 6,000. Nyongeza ya 2,000 haiifikii, na bado ndiyo inayomfukuza mteja wa tatu na wa nne ambao wangeimaliza pakiti. Kwa lugha nyingine, nyongeza inalipia maziwa yaliyomwagwa, na yenyewe inaongeza kumwaga. Kampuni kubwa zilitoka kwenye mtego huo kwa wingi wa wateja: pakiti haikai, na tofauti ya bei inatandazwa kwenye mamilioni ya vikombe. Mgahawa wa Dodoma unaouza vikombe 100 vya kahawa ya maziwa kwa siku, 8 kati yake vya mimea, nao unaweza kutandaza: 16,000 ya tofauti ikigawanywa kwa 100 ni shilingi 160 kwa kikombe. Wenye vikombe vichache, wanaouza viwili tu vya mimea kwa wiki, wanaweza kutandaza pia, lakini bado watamwaga sehemu kubwa ya kila pakiti. Kwao njia yenye mantiki zaidi ni kushusha gharama ya maziwa yenyewe na kutengeneza kiasi kinachoisha.

Kuna hoja nyingine, ya heshima, kutoka kwa watu wa mifugo. Kila Wiki ya Maziwa, inayofungwa tarehe 1 Juni, tunakumbushwa lengo la lita 200 kwa mtu kwa mwaka na jinsi tulivyo mbali nalo. Kwa nini basi mkoa wa wafugaji uhamasishe maziwa ya karanga? Upande wa lishe wana haki nusu. Maziwa ya ng'ombe yana protini kama gramu 3.3 kwa mililita 100 na kalsiamu ya kutosha. Soya iliyotengenezwa vizuri inakaribia protini hiyo. Oti ina kama gramu 1. Lozi ya pakiti mara nyingi ni nusu gramu, kwa kuwa lozi zenyewe ni asilimia chache tu ya kilichomo, mengine ni maji na vinenezaji. Na maziwa yoyote ya mimea ya kutengeneza nyumbani hayana kalsiamu ya maana, kwani ile ya kwenye pakiti imeongezwa kiwandani. Hivyo hayapaswi kabisa kupewa mtoto mdogo kama mbadala. Lakini mteja wa mgahawa ni mtu mzima anayetafuta kahawa, na akikosa chaguo hanunui maziwa ya ng'ombe: ananunua soda. Mfugaji hapotezi kitu.

Sasa tuingie jikoni. Soya yetu inatoka zaidi nyanda za juu kusini na Ruvuma. Karanga ni zao la hapa hapa, Dodoma ikiwa miongoni mwa mikoa inayolima kwa wingi. (Waingereza waliposhindwa na mradi wao mkubwa wa karanga huko Kongwa kati ya 1947 na 1951, walishindwa na mashine na udongo unaokauka kama saruji, mkulima mdogo hakuacha kulima.) Kila moja ina sehemu yake. Kwenye kahawa ya moto soya inashinda kwa sababu protini yake inashika povu na mafuta yake ni machache. Karanga ni nzuri kwenye chai, kwenye kahawa ya baridi na kwenye uji, na kwenye kahawa ya moto inakubali ikiwa imetayarishwa kwa uangalifu.

Kwa soya, gramu 250 kavu na lita 2 za maji zinatoa karibu lita 1.7 za maziwa, sawa na vikombe 8 vya mililita 200; anayeuza vichache apunguze vipimo. Chambua, osha, loweka saa 8 hadi 12 kwenye maji mara tatu ya ujazo wake. Joto la Dodoma likiwa kali loweka kwenye friji, la sivyo maji yanachacha na maziwa yanatoka na uchungu. Mwaga maji ya kulowekea. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: tumbukiza soya kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5 kabla ya kusaga, na usage na maji ya moto. Harufu ya maharage mabichi ambayo watu wanailalamikia haimo kwenye soya nzima. Inazaliwa wakati wa kusaga, pale kimeng'enya cha soya kinapokutana na mafuta yake kwenye maji ya baridi. Ukikiua kwa joto mapema, harufu haizaliwi. Saga, chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa, weka machicha pembeni kwa ajili ya chapati au kuku. Halafu chemsha. Hapa soya inadanganya: ikifika kama nyuzi 85 povu linapanda ghafla kama maziwa yanayofoka, na mpishi anaipua akidhani imechemka. Haijachemka. Punguza moto, koroga hadi povu litulie, iache ichemke kweli kwa dakika 20. Soya isiyoiva ina vizuizi vya kumeng'enya protini, vinaleta kichefuchefu na tumbo, na mteja aliyekimbia laktosi atakuwa ameumwa kwa sababu nyingine. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo usipunguze hizo dakika. Ipoze haraka kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu, jaza chupa zilizochemshwa, weka friji chini ya nyuzi 4, na imalize ndani ya siku 3.

Kosa kubwa la hapa kwetu, ambalo maelezo ya mitandaoni kutoka nchi nyingine hayaligusi, ni maji. Maji ya visima ya Dodoma yana chumvichumvi; ule ukoko mweupe ndani ya birika ni ushahidi. Chumvi za kalsiamu na magnesiamu ndizo hasa zinazotumika kugandisha maziwa ya soya kutengeneza jibini lake. Ukisaga soya kwa maji ya bomba yenye chumvi nyingi umeanza kuigandisha kabla haijaonana na kahawa, na kahawa, ambayo ina uchachu wa pH kama 5, inamalizia kazi. Mteja anaona vipande vyeupe vinaelea, anasema maziwa yameharibika. Hayajaharibika, yamekatika. Tumia maji yaliyochujwa ya dumu la kunywea, au chemsha ya bomba, yaache yatulie usiku kucha, umimine ya juu tu. Kisha ongeza soda ya unga, yaani bekingi soda, siyo bekingi pauda, robo kijiko cha chai kwa lita. Inapunguza uchachu na kuzuia protini isishikane. Ukizidisha unapata ladha ya sabuni. Pakiti za baristi, yaani zilizotengenezwa mahsusi kwa kahawa ya mashine, zinatumia fosfeti ya potasiamu kwa kazi ile ile. Na mpangilio wa kumimina una maana: pasha maziwa kwanza hadi nyuzi 55 au 60, usiyafikishe 65 kama ya ng'ombe, acha espreso ipumue nusu dakika, kisha unganisha polepole. Maziwa ya baridi kutoka friji kumiminiwa kahawa inayotoa moshi ndiyo njia ya uhakika ya kuyakata. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi zaidi ina uchachu mdogo. Ile ya Kilimanjaro iliyokaangwa kidogo ili ladha yake ya matunda ibaki ndiyo inayosumbua zaidi.

Kwa karanga, vipimo ni vile vile, gramu 250 kwa lita 2. Zikaange kidogo tu, mpaka ganda jekundu liachie kwa kusugua. Zikipata rangi ya kashata maziwa yanakuwa ya kahawia na mafuta yanaelea. Ondoa maganda yote, loweka saa 6, saga na maji ya moto dakika 3 kamili, chuja, chemsha kwa moto mdogo dakika 15 ukikoroga, kisha rudisha kwenye blenda dakika nyingine 2 kabla ya kupoza. Ule usagaji wa pili ndio unaovunja matone ya mafuta. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, na bila hatua hiyo kesho asubuhi utakuta tabaka la manjano shingoni mwa chupa. Gharama? Kwa karanga za shilingi 4,000 kilo, lita 1.8 inatoka kwa 1,000, sawa na kama 110 kwa kikombe cha mililita 200. Zidisha mara tatu kwa gesi, maji, kazi na zilizotupwa, na bado hujafika 400 ya ng'ombe. Nyongeza ya bei hapo ingetafutiwa sababu gani?

Sharti la kwanza la karanga ni sumukuvu, na halina mjadala. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuvu wake hupenda karanga zilizopata ukame shambani na zile zilizokaushwa vibaya, hali zote mbili za kwetu. Kukaanga kunapunguza kiasi, hakumalizi, kuchemsha hakusaidii. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya sumukuvu, 5 kwa ile kali zaidi, na huwezi kukiona kwa macho. Unachoweza kufanya kwa mkono ni kuchambua: tupa iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, yenye vumbi la kijani au iliyopasuka, na usinunue kamwe zilizokwisha kusagwa au kukatwa, maana hapo mbovu zimeshafichwa. Nunua nzima, zisizokobolewa ikiwezekana, za msimu huu, kutoka kwa mtu anayejua shamba lake. Weka kwenye gunia linalopumua juu ya kichanja, mbali na ukuta. Anayenunua kwa magunia apeleke sampuli kupimwa. Wapinzani wanaitumia sumukuvu kusema maziwa ya ng'ombe ni salama zaidi, lakini ng'ombe hachuji kila kitu. Akilishwa mashudu yenye kuvu, sumu inapita kwenye maziwa kwa sura nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu ng'ombe wa majumbani Singida uliikuta kwenye mashudu ya alizeti na kwenye maziwa pia. Tofauti ni kwamba karanga unaweza kuzichambua mezani.

Sharti la pili ni aleji, na hapa ndipo wahudumu wanapochanganya mambo mawili. Asiyemudu laktosi anaumwa tumbo. Tone moja lililobaki kwenye jagi halimdhuru. Mwenye aleji ya protini ya maziwa, au ya karanga, anaweza kuvimba koo kwa tone hilo hilo. Karanga ni miongoni mwa vyakula hatari zaidi kwa watu hao, na ni sababu mojawapo nzuri ya kampuni kubwa kutoziweka kwenye menyu. Kwa hiyo mgahawa unaotumia karanga uandike kaunta kwa herufi kubwa kwamba karanga zinasagwa humu, uwe na blenda yake, jagi lenye rangi yake, na bomba la mvuke lifutwe kwa kitambaa kilicholowa kisha lipulizwe mvuke sekunde mbili kila linapohama kutoka maziwa moja kwenda mengine. Asiyeweza nidhamu hiyo abaki na soya, ambayo nayo ina aleji yake na inatakiwa itajwe. Usimpe mteja wa namna hii krima ya unga ya kahawa kwa kuwa imeandikwa si maziwa: nyingi zina kaseineti ya sodiamu, ambayo ni protini ya maziwa ya ng'ombe. Asiye na laktesi itampita salama, mwenye aleji haitampita.

Kama kazi inaishia ndani ya kikombe cha mteja aliyeketi, afisa afya anayekagua jiko ndiye utakayeonana naye. Siku utakapoanza kujaza chupa na kuziuza Nzuguni au kwenye duka la jirani, umekuwa mzalishaji wa chakula, na usajili na viwango viko TBS, Shirika la Viwango Tanzania, lililopokea kazi hiyo mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Wengine wataona ni usumbufu, lakini maziwa ya soya kwenye chupa isiyo na tarehe, kwa joto la Dodoma, yanaharibika bila kunuka mapema kama ya ng'ombe, na hiyo peke yake inatosha kuhalalisha ukaguzi.

Imebaki donati. Anayeagiza late ya soya na kuongeza donati mara nyingi anarudishiwa maziwa kwa mlango wa nyuma: donati za Dunkin' Marekani zina maziwa, na nyingi za hapa zinatiwa maziwa ya unga kwenye kinyunya na tena kwenye sukari ya juu. Kwa laktosi kiasi hicho ni kidogo. Kwa aleji kinatosha. Mandazi ya maji, hamira, iliki na mafuta ya alizeti hayana shida hiyo, ya tui la nazi pia hayana, ilimradi aliyeyakanda hakutia siagi wala maziwa ya unga. Muulize aliyeyakanda alfajiri, andika kwenye kadi ndogo mbele ya sahani, na badilisha kadi siku anapobadilisha kinyunya.